Kura Moja Kampala, Kura Sita Kisauni

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua ilinyesha Mbale, mashariki mwa Uganda, kwa kiasi ambacho mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika ikaingia mjini. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, magari yalisombwa kama makopo, na mabomba yakakatika, hivi kwamba mji uliojaa maji ukakosa maji ya kunywa. Nilikuwa mwanafunzi huko, mpangaji katika nyumba ya mama mmoja wa Kigisu, na asubuhi ile tuliamka tukakuta jiko lake limejaa tope hadi magotini. Tulilizoa kwa koleo na mabeseni siku nne mfululizo. Siku ya tano nilikwenda kumuaga, kwa sababu nilikuwa na safari ya Mombasa kupiga kura.

Alikuwa ameinama akisugua sufuria kwa majivu, naye akaniuliza bila kuinua kichwa, kwa Kiswahili chake cha mpakani, “Mwanangu, huko kwenu hakuna mtu mwingine wa kupiga kura?”

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli. Nami nilisimama pale mlangoni na begi begani, viatu vyangu vikiwa bado na tope la jikoni kwake, nikashindwa kumjibu. Nilikuwa naondoka mahali nilipokuwa na kazi ya mikono, ambapo hakuna sheria iliyonipa sauti, nikielekea mahali ambapo sheria ilinipa sauti lakini ambapo nisingekaa hata wiki moja.

Ninayaandika haya kwa kuwa uchaguzi mkuu wa Kenya unarudi tarehe 10 Agosti 2027, na wadogo zetu wanaosoma Kampala, Mbale na Mbarara wameanza kuuliza yale niliyojiuliza mimi. Wengi huuliza, “Je, nipige kura au nisipige?” Kwa uzoefu wangu, hilo ni swali la kuchelewa. Swali la mapema zaidi, na ndilo linaloamua mengine yote, ni hili: jina lako litakuwa katika daftari la kituo gani?

Tuanze na sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 82, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuwaandikisha raia walio nje ya nchi na kuitimiza haki yao ya kupiga kura hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza ilikuwa mwaka 2013, katika nchi jirani za Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Mwaka 2017 ikaongezwa Afrika Kusini, na kufikia 2022 nchi zilikuwa 12. Kwa hiyo Mkenya aliye Uganda anaweza kujiandikisha na kupiga kura Kampala. Ila kura hiyo ni moja tu, ya rais. Nyumbani mpigakura hupewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wa wadi. Huwezi kushika kote kuwili, kwani kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Wanafunzi wenzetu wa Uganda, niwakumbushe wanaolalamika, hawana hata hiyo moja: Mganda aliye nje na anayetaka kupiga kura hana budi kurudi kwao.

Mimi nilichagua Kisauni, kwetu Mombasa, na sababu yangu haikuwa uzalendo mkubwa. Sababu ilikuwa maji. Mfereji wa nyumbani kwetu hutoa hewa siku nyingi kuliko maji, na tangu nikiwa mdogo mamangu amekuwa akinunua maji ya madumu kwa watu wa mikokoteni, dumu baada ya dumu, hadi anawajua kwa majina wao na watoto wao. Katika mgawanyo wa kazi uliokuja na katiba mpya, huduma ya maji ni jukumu la kaunti. Nikajisemea kwamba kama kuna kura inayomhusu mama yangu asubuhi anapoamka, basi ni ya gavana, na kura hiyo haipigwi Kampala. Januari 2022 nilikuwa likizo nyumbani, usajili ulikuwa ukiendelea, nikapanga foleni nikaandikishwa.

Mwenzangu wa chumba, kijana wa Kwale, aliamua kinyume. Alijiandikisha Kampala. Alikuwa na hoja nzuri kuliko alivyojua kuieleza: kwamba yeye hakuwa amekaa Kwale kwa miaka minne, hamjui hata mmoja wa wanaowania wadi, na kumchagua mtu usiyemjua kwa sababu tu ya jina la ukoo si jambo la kujivunia. Wagombea urais aliweza kuwafuatilia kutoka popote. Lakini baada ya kupiga kura yake naye alinung’unika. “Nimechagua mwenye nyumba,” aliniambia, “lakini wa kufagia ua nimewaachia wengine wanichagulie.”

Hapo ndipo ninapomtaka msomaji wangu akae kidogo. Kabla ya kujiandikisha, jiulize ni jambo gani la nyumbani unalolijua kwa undani kiasi cha kumhukumu mtu kwalo. Kama ni maji, soko, zahanati au barabara ya mtaani kwenu, jina lako liwe nyumbani, na uanze kuweka nauli mapema. Kama huko nyumbani umebaki kuwa mtu wa kupigiwa simu ya harusi na misiba tu, basi kura moja ya Kampala inakufaa, na hakuna aibu yoyote ndani yake. Aliyeandikishwa mahali pasipomfaa anaweza kuomba kuhamishwa kituo, lakini daftari likishafungwa, hisia zako zote za mwezi wa Agosti hazina kazi.

Ile hisia ya kuwa mtu wa pande mbili haikuanza kwa mama mwenye nyumba. Ilianza kwa mjomba wangu. Nilipompigia simu mwezi wa Juni kumwarifu kwamba nitakuja kupiga kura, nikitarajia pongezi, aliguna. “Wewe wapiga kura kisha wapanda basi,” alisema. “Sisi ndio tubakiao.” Niliudhika kwa siku kadhaa. Nilimwona ananinyima haki ambayo katiba yenyewe imenipa. Baadaye, nilipoacha kuudhika, nilitambua kwamba hakuwa ameniambia nisipige kura. Alikuwa ameniambia kwamba matokeo ya kura yangu yatalala nyumbani kwake, si kwangu.

Tangu siku hiyo nilibadili namna yangu ya kujiandaa. Hadi wakati ule habari zangu zote za Mombasa zilitoka kwenye kundi letu la WhatsApp la wanafunzi Wakenya, ambamo watu wazima wenye akili walitukanana kuanzia saa mbili asubuhi, na wengi wetu tulikuwa tunarudishiana picha zilezile kutoka Kenya bila hata mmoja kujua zimepigwa lini. Nikaanza kupiga simu badala yake. Nilimpigia mama, nikampigia yule mjomba, nikampigia hata kinyozi wangu wa zamani, nikiwauliza jambo moja moja: nani alikuja mtaani, aliahidi nini, na mara ya mwisho alipokuwa na cheo alifanya nini. Kinyozi alinisaidia kuliko wote, maana kwenye kiti chake hukaa watu wa kila chama. Mwanafunzi aliye mbali hawezi kuona, lakini anaweza kuuliza, na naona asiyetaka hata kuuliza anampa mjomba wangu haki ya kuguna.

Sasa kuhusu safari yenyewe, kwa sababu wengi huipuuza. Kutoka Mbale hadi Malaba si mbali. Unapanda gari dogo la abiria, ambalo Uganda huitwa teksi, unapita Tororo, na mpakani Mkenya anavuka kwa kitambulisho chake cha taifa. Kinachochosha ni baada ya hapo: Malaba hadi Nairobi usiku kucha, kisha Nairobi hadi Mombasa, kilomita zipatazo 480 nyingine. Wiki ya uchaguzi kila mtu anarudi kwao, na nauli hupanda kama wakati wa Krismasi. Kwenda na kurudi nilitumia shilingi 7,400 za Kenya, yaani zaidi ya shilingi 230,000 za Uganda, fedha ambazo zingelipia chumba changu mwezi mzima. Nilikuwa nimeziweka kidogo kidogo tangu Februari katika kopo la maziwa ya unga. Kama nisingefanya hivyo ningelazimika kumwomba mama anitumie nauli ili nije kumpigia kura ya maji, na mama angeipata fedha hiyo kwa kupunguza madumu.

Kuna pia kalenda ya masomo, ambayo haimjui mgombea yeyote. Mitihani yetu ilianza Jumatatu tarehe 15 Agosti, siku sita tu baada ya uchaguzi. Mimi nilijipangia kuondoka Mombasa Alhamisi. Mwanafunzi mwenzetu mmoja wa Kisii alisema atasubiri matokeo kwanza, akakwama kwa kukosa basi, akakosa mtihani wa kwanza na kuurudia mwaka uliofuata. Sitaki kumcheka, maana nami karatasi yangu ya kwanza niliiandika macho yakifumba, na alama niliyopata inaonyesha hivyo hadi leo. Iwapo ratiba yako ya Agosti 2027 itagongana na uchaguzi, zungumza na mkuu wa idara yako mwezi mzima kabla, kwa barua, badala ya kutegemea huruma baadaye. Na iwapo hakuna namna, kaa usome. Simlaumu mwanafunzi aliyebaki darasani kwa sababu ada yake inalipwa na mzazi mwenye kibanda cha mboga; naye huyo mzazi amekwisha kupiga kura yake kwa kukupeleka shule.

Nilifika nyumbani Jumapili tarehe 7 Agosti, nimevimba miguu. Jumatatu, siku moja kabla ya uchaguzi, ilitangazwa kwamba kura ya ugavana katika kaunti za Mombasa na Kakamega imeahirishwa kwa kuwa karatasi zake zilichapishwa kimakosa. Nilikuwa nimekaa barazani na mama akichambua mchele, redio ikiwa dirishani. Alinyamaza, akaendelea kuchambua, kisha akaniangalia mimi na begi langu lililokuwa bado halijafunguliwa. Hatukusema chochote kwa muda. Nilikuwa nimeacha tope la watu Mbale, nimetumia fedha za chumba, nimesafiri siku mbili kwa ajili ya karatasi moja, na karatasi hiyo ndiyo ambayo haingekuwepo.

Hata hivyo Jumanne alfajiri nilikwenda. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, nami saa kumi na moja nilikuwa nyuma ya wazee waliokuja na viti vyao vya plastiki. Karani aliweka kidole changu kwenye mtambo, jina na picha yangu vikatokea, nikapewa karatasi tano badala ya sita. Nitakiri jambo ambalo sikulitarajia: niliposimama kwenye kile kibanda cha karatasi ngumu, ile karatasi ya mwakilishi wa wadi, ambayo sikuwa nimeifikiria hata kidogo wakati wa safari, ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Niliwajua wawili kati ya waliokuwa wakiwania. Mmoja nilisoma naye madrasa. Mwingine ndiye aliyeleta gari la maji mtaani kwetu wakati wa msiba wa bibi yangu, bila kutangaza wala kupiga picha. Hicho ndicho kitu ambacho kituo cha Kampala kisingeweza kunipa.

Nilirudi Mbale Jumamosi. Jumatatu jioni, tarehe 15, baada ya ule mtihani wangu wa usingizi, tulijazana kwenye kibanda cha chapati chenye runinga ndogo, Wakenya wachache na Waganda wengi, tukisikiliza matokeo ya urais yakitangazwa Nairobi: kura 7,176,141 za William Ruto kwa kura 6,942,930 za Raila Odinga, tofauti ya kura 233,211. Wapigakura wote wa Kenya walioandikishwa nchi za nje walikuwa 10,400 na kitu kati ya milioni 22. Mwenzangu wa Kwale alipiga hesabu hiyo kwenye simu yake, akaizima, akasema hata sote wa nje tungepiga kura upande mmoja mto usingegeuka. Nilimwambia kwamba hata kura yangu ya Kisauni katika hesabu hiyo ni tone lilelile. Tulitofautiana tu katika zile nyingine nne, ambako kura ni chache na wewe huhesabika.

Alikuwa na faida moja juu yangu, lakini. Fomu za matokeo ya urais kutoka vituoni, zaidi ya 46,000, ziliwekwa kwenye tovuti ili kila mtu azione, naye alikuwa ameifungua ile ya kituo chake cha Kampala na kuisoma mstari kwa mstari siku ileile ambayo kundi letu la WhatsApp lilikuwa likisambaza takwimu za kubuni. Yeye alilala. Wengine walikesha wakitukanana. Mwaka 2027 nitamfuata yeye: fomu ya kituo chako kwanza, maneno ya watu baadaye, na kama huna fomu, zima simu ukasome.

Mama mwenye nyumba naye alikuwa pale kibandani. Matokeo yalipotangazwa hakuuliza nani ameshinda. Aliuliza kama kutakuwa na mafuta. Mimi nilikuwa mtoto mdogo mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya, nikikumbuka moshi na shule kufungwa. Yeye alikumbuka kwamba machafuko yetu yaling’oa reli na kufunga barabara, malori kutoka bandari ya Mombasa yakakwama, na petroli Uganda ikapanda bei hadi mumewe, aliyekuwa dereva, akaegesha gari. Nilikuwa nimemwacha kwenye tope nikidhani ninakwenda kwenye jambo la kwetu tu. Kumbe naye alikuwa na hisa katika kura ile, pengine kubwa kuliko yangu, na hakuwa na karatasi hata moja. Ewe unayesoma Uganda, usiwaone wenyeji wako kama watazamaji. Wasikilize wanachokumbuka kuhusu chaguzi zetu kabla ya kuanza kushangilia barabarani usiku wa matokeo.

Uchaguzi wa gavana wa Mombasa ulifanyika tarehe 29 Agosti. Siku hiyo nilikuwa na karatasi mbili za mtihani, na hata kama ningekuwa na nafasi, kopo la maziwa lilikuwa tupu. Jioni mama alinipigia simu. Aliniambia foleni ilikuwa fupi kuliko mara ya kwanza, kwamba watu wamechoka, na kwamba aliona jina langu kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, chini ya lake, kwa kuwa majina yetu yanafanana mwanzo. “Nikakutafuta kwa kidole hadi nikakupata,” alisema. “Nikasikitika kidogo.”

Kisha akabadili mazungumzo, kama afanyavyo, akauliza habari za yule mama wa nyumba yangu, na kama maji ya Mbale yamerudi.

Nikamwambia yamerudi.

“Alhamdulillahi,” akasema. “Ya hapa bado.”